Mchele Wenu Nilioupika Njiani Kwenda Mwanza

Mama Zuhura, pamoja na wenzako wote mliokuja kukaa barazani kwangu siku niliyorudi: mliniuliza mchele wenu ulikwenda wapi. Siku ile sikujibu. Nilikuwa nimechoka, na nyinyi mlikuwa mnasema wote kwa pamoja. Sasa nimekaa, naandika. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwenye kisomo, na mwalimu alituambia jambo liandikwe kama lilivyokuwa. Anayejua kusoma awasomee wengine. Asiyependa atakachosikia aje kwangu mwenyewe, asiende kusemea bombani.

Najua Fundi Shomari amekwisha sema yake. Amesema tumefungwa Mwanza kwa sababu sufuria la timu lilifunuliwa na mwanamke asiye wa kwetu, na chakula cha wachezaji kikaliwa na watu wa porini. Sufuria lilifunuliwa, ni kweli. Chakula kililiwa na watu wa kule, ni kweli. Yaliyobaki nitaeleza.

Stesheni

Kwa atakayesoma haya naye hakuwapo, timu yetu haili chakula cha ugenini. Tangu safari ile walipokula mihogo ya njiani wakaingia uwanjani wameshika matumbo, iliwekwa kwamba kila safari ndefu timu inakwenda na mpishi wa mtaani, mchele wa mtaani, na maji ya bomba letu ndani ya madumu. Mpishi ni mimi. Siku za kawaida napika pale Gerezani nyuma ya karakana za reli, wanakula makuli na mafundi, na wachezaji wetu wengi ni hao hao makuli na mafundi. Najua nani hali maharage na nani anasema ameshiba wakati hajashiba.

Safari hii mchele haukuwapo. Duka la kaya, tunakopata mgao, lilikuwa na kiberiti na dawa ya viatu, basi. Unga wa njano wa msaada tumekula mpaka watoto wakiuona kwenye sahani wanaanza kulia. Foleni ya sukari tunapanga mawe, tukirudi tunakuta mawe yamehamishwa. Pamoja na hayo yote, mjumbe wa nyumba kumi alipopita akasema timu inakwenda Mwanza, sare tu inatosha kombe libaki kwetu, kila nyumba ilitoa. Wengine walitoa kibaba, wengine konzi. Mama Zuhura, wewe ulitoa mchele uliouweka kwa arobaini ya mumeo. Nikakukataza. Ukaniambia, "Bi Tatu, marehemu alikuwa mwanachama. Chukua." Nikachukua. Gunia halikujaa, lakini lilisimama lenyewe.

Kwa hiyo mnaponiuliza mchele, najua mnauliza nini.

Nguo za safari mliziona. Bwana Salim wa duka la vitambaa hakuwa na kitambaa kingine ila kaki, akatoa kaki. Fundi cherehani akashona mashati na kaptula, wote sare moja. Pale stesheni walipopangwa mstari nilisema moyoni kwamba wanafanana na watu waliokamatwa, lakini sikusema kwa mdomo, maana nguo ya kupewa haisemwi.

Wale wenzetu wa ng'ambo ya barabara, ambao timu yao ndiyo inayotufuata kwa pointi, walikuja kutusindikiza kwa maneno. Mmoja akanipigia kelele dirishani, "Bi Tatu, mnahama na jiko?"

"Tunakwenda kuhakikisha kombe halihami," nikamwambia.

"Mkirudi nalo mtupikie uji humo."

"Njoo na unga wako."

Hapo wakacheka, kwa sababu wao pia hawakuwa nao.

Waliokuwa wakubwa wa msafara ni wawili. Bwana Massawe, katibu, yule Mchaga wa duka la jumla, ambaye wachezaji humwita Mangi. Na Fundi Shomari wa kamati ya ufundi, ambayo kazi yake kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja. Nahodha ni Mdachi, golikipa. Jina lake si hilo, aliitwa hivyo kwa ukali wake utotoni. Alikuwa kiwanda cha nguo. Kiwanda kilipokosa vipuri waliambiwa wapumzike nyumbani, naye anapumzika mpaka leo. Kila msako wa nguvu kazi unapopita kuokota wasio na kazi wapelekwe vijijini kulima, Mdachi hapiti barabara kubwa.

Kwenda Dodoma

Treni iliondoka jua limekwisha kuwa kali, ingawa tulikuwa tumekaa ndani tangu alfajiri. Daraja la tatu mnalijua. Kando yangu alikaa Bi Shamsa, mama wa Kiarabu anakwenda Tabora kwa nduguze, amepakata kitu kimefunikwa kwa kanga. Mtu mmoja akamuuliza mtoto ana umri gani. Akajibu, "Ameokwa jana." Ulikuwa mkate. Alikuwa amekaa foleni ya mkate jana yake asubuhi nzima na hakutaka kuuweka juu na mizigo. Mpaka Morogoro hakuukata. Baada ya Morogoro akanikatia kipande, kikavu, nikala, naye akala.

Morogoro treni ilikaa. Niliteremsha jiko la mkaa nikapika pale pale kwenye jukwaa. Wali wa mafuta, maana wa nazi huchacha upesi njiani. Wachezaji wakala wamenizunguka, migongo nje, nyuso ndani, ili mtu wa nje asikitazame chakula. Ndiyo kawaida yetu. Mfuniko wa sufuria Fundi Shomari huufunga mwenyewe kwa kitambaa chekundu, na wa kukifungua ni mimi peke yangu. Mimi hilo sina ugomvi nalo. Sufuria lililofungwa haliingii vumbi.

Ugomvi ulikuwa wa maji. Tulipoondoka Morogoro nilimwona Fundi amefungua dumu, ametia mizizi, anawaosha wachezaji miguu mmoja mmoja ndani ya behewa.

"Fundi, maji hayo ni ya kupikia."

"Bi Tatu, wewe una jiko lako, mimi nina miguu yangu."

"Miguu si yako."

"Na mchele si wako."

Akaendelea. Tukikaribia Dodoma akasema tunaingia mkoa mwingine, miguu lazima ioshwe upya. Wachezaji wakanyoosha miguu. Mdachi peke yake aliuliza, "Fundi, mpaka Mwanza mikoa mingapi?" Akaambiwa anyamaze. Dodoma lilikuwa limebaki dumu moja, na ndani yake kulikuwa na mizizi.

Hapo hapo Dodoma Fundi akatoa sharti jipya. Kuanzia sasa hakuna kusema na mtu yeyote, hakuna kumpa mwenyeji mkono, mpaka mpira wa Mwanza uishe. "Atakayesema, mguu wake ndio utakaojibu." Na yeye mwenyewe akasema anajifunga nalo ili lipate nguvu. Mimi na Massawe hakutufunga, kwa sababu hatuchezi, na nadhani alijua jibu langu.

Muuza kuku wa kukaanga alipita dirishani akawasalimu wale vijana. Wote wakatazama juu kama hawasikii. Akaniuliza mimi, "Mama, hawa wamefiwa?"

"Wanasafiri," nikamwambia.

Kituo baada ya Bahi

Mbele ya Bahi treni ilisimama kwenye kituo kidogo, chumba kimoja na bendera. Mvua ilikuwa imekula tuta mbele, na treni ya mizigo ilikuwa imelala kwenye reli. Tulilala pale, tukaamka pale. Maji ya treni yalikwisha. Abiria wakaanza kuteremka, wakasambaa kwenda kijijini kutafuta chochote. Bi Shamsa aliuvunja mkate wake wote akawagawia watoto wa behewa letu, halafu akakunja ile kanga akaiweka kichwani.

Bwana Massawe alikuwa na wasiwasi wa simu ya kupeleka Mwanza, wajue tumekwama wasije wakatunyang'anya pointi. Kikaja kiberenge cha mafundi wa reli, akawaomba, wakampakia. Nilimwona anakwenda, tai inapepea, ameshika kofia kwa mikono miwili. Kwa hiyo timu ikabaki na mimi na Fundi, na Fundi hasemi.

Wachezaji walikuwa na njaa. Mimi nilikuwa na mchele, mafuta, chumvi, mkaa kidogo, na sina maji. Nikamwambia Fundi nakwenda kuomba maji kisimani kwa wenyeji. Akatikisa kichwa. Akanionyesha dumu lake la mizizi. Nikamwambia hayo sipikii hata mbuzi. Nikachukua gunia na sufuria, nikaondoka. Akanitazama tu, maana kunizuia kungetaka maneno.

Niliyempata kisimani ni mwanamke wa umri wangu, Mgogo, anaitwa Mama Ndahani. Akanisalimu, "Mbukwa." Sikujua jibu lake, nikasema salama, akaridhika. Nikamwomba maji. Nikamwambia sina cha kumlipa ila chumvi. Akasema fedha asingeipokea, dukani hakuna cha kununua, lakini chumvi ni jambo la maana. Akanipeleka kwake, akanionyesha mafiga yake, kuni zikiwepo. Wanawake wa jirani wakaja. Ugali wa mtama walikuwa nao kidogo, nyama hakuna, na mashamba yao ndiyo kwanza wanayaanza kwa mvua ile. Wanaume wengi walikuwa wameondoka kwenda kutafuta riziki mjini. Nadhani wengine mmewaona hapo kwetu Kariakoo wakibeba magunia.

Nilifungua kitambaa chekundu, nikaosha mchele, nikabandika. Watoto walikaa wakatazama mchele ukioshwa kama watu wanaotazama sinema. Nikaona haiwezekani kupika pale na wale watoto wasile. Nikaongeza. Nikaongeza tena.

Mama Ndahani akaniuliza, "Wewe ndiye mama yao?"

"Mama wa nani?"

"Hao vijana wa kaki."

"Mimi ni mpishi wao."

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kigogo, wakashangaa. Akanigeukia. "Serikali imewapa mpishi kabisa?"

"Serikali ipi?"

"Mama, si ndio wale wa nguvu kazi? Mwenyekiti wetu ametuambia muda mrefu, mtaletewa vijana wazururaji kutoka Dar waje kulima shamba la kijiji. Tumengoja mpaka tumechoka. Leo wamefika, amewachukua. Ila hatukujua wanakuja na wali."

Niliuliza amewachukua kwenda wapi. Akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya miti ya miiba.

Nikamwambia, "Ukisikia umeanza kukauka, funua, ugeuze, upalie moto juu." Ndivyo sufuria lilivyofunuliwa na mwanamke asiye wa kwetu. Nilimwagiza mimi, na aliugeuza vizuri, haukushika chini.

Shamba la kijiji

Wote walikuwa pale, mstari mmoja, kila mtu na jembe, wanalima. Nyuma yao wanawake na vikapu vya mbegu ya mtama wanapanda. Pembeni mgambo mmoja na rungu. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima wa heshima, amekaa juu ya jiwe na redio ndogo isiyo na betri. Na mwisho wa mstari, shati limevuliwa, analima Fundi Shomari.

Baadaye ndipo waliponieleza. Mwenyekiti alifika kituoni akakuta vijana wenye nguo moja wamekaa safu, hawasemi, na mzee mmoja anawahesabu. Akauliza, "Nyinyi ndio vijana wa kutoka Dar?" Wakaitikia kwa vichwa, ndiyo. Akasema, "Tumewangoja sana, karibuni, twendeni." Fundi akadhani ni mpenzi wa timu anakwenda kuwapa heshima. Wachezaji wakadhani wanakwenda kula. Wakafuata. Walipopewa majembe hakuna aliyesema, kwa sababu ya miguu yao. Na Mdachi alinieleza jambo lingine. Alisema, "Bibi, mimi nilidhani ni mimi ndiye niliyefuatwa, kwa kuwa sina kazi, na wenzangu wameunganishwa tu. Nikaona nikisema nitawaponza." Winga wa kulia, ambaye bandarini wamempunguza tangu meli zipungue, alidhani hivyo hivyo kwa nafsi yake. Na beki namba tatu. Kila mmoja alilima akiwaonea wenzake huruma.

Nikamwendea Mwenyekiti, nikamsalimu.

Akasema, "Mama, kazi wanaiweza, lakini hawana sauti. Mmewafanya nini huko Dar?"

"Hawa si wazururaji. Ni timu ya mpira."

"Timu ipi?"

Nikamtajia. Akasimama. Akaenda mpaka mbele ya Mdachi, akamtazama uso kwa karibu. "Wewe ndiye unayedaka? Wewe ndiye unayetajwa redioni?" Mdachi akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akavua kofia yake. "Mbona hamkusema?"

"Muulize yule mzee wa mwisho," nikamwambia.

Fundi akatazama jembe. Akageuza bonge jingine la udongo.

Mwenyekiti aliona haya, naamini kwa dhati. Akasema, "Basi jamani, wekeni majembe, nendeni mkale. Tutamaliza wenyewe." Nikalitazama shamba. Kilichobaki kufika kwenye ua wa miiba hakikuwa kikubwa. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Manyoni, na wale wanawake walikuwa wamesimama na mbegu mikononi hawajui waendelee au waondoke.

Mdachi akawa wa kwanza kuvunja sharti. Akanijia, akafungua viganja. "Bibi, mikono." Malengelenge yalikuwa yameanza kupasuka. Kuli ana mikono migumu, lakini huyu alikuwa mtu wa mashine, tena mtu wa kupumzika.

"Nimeiona," nikamwambia. "Malizeni."

Akanitazama. Mwenyekiti naye akanitazama. Nikasema tena, malizeni, kisha mje mle. Maji yao yalikuwa juu ya moto yanaivisha mchele wetu, kwa kuni zao, na wanaume wao ndio hao waliotuachia shamba wakaja kutubebea magunia. Sikuona vipi ningekula pale halafu nikaliacha shamba limekatwa katikati. Walimaliza. Mvua ikaanza wakati mama wa mwisho anafukia mbegu ya mwisho.

Tukarudi kwa Mama Ndahani wote, wenyeji na wageni. Wali ulikuwa umeiva. Fundi Shomari alipoliona sufuria, kitambaa kimekunjwa pembeni na mwiko mkononi mwa mwanamke mgeni, ndipo akasema neno lake la kwanza tangu Dodoma. Alisema, "Mwageni."

Wachezaji wakanitazama mimi. Watoto wakamtazama yeye.

Nikamwambia, "Humu ndani mna mchele wa arobaini. Anayetaka umwagwe aumwage kwa mkono wake, kisha aende mwenyewe Kariakoo akamweleze Mama Zuhura."

Hakuumwaga. Alikwenda kukaa chini ya kibanda cha mbuzi, mvua inamnyeshea nusu. Mdachi akaketi, akanawa, akauma meno kwa ajili ya viganja, akala. Wengine wakaketi. Tulikula pamoja, masinia yakichanganyika, mpaka ukoko. Mama Ndahani alimpelekea Fundi karanga za kuchemsha, akazila. Hilo hakuwaambieni.

Massawe akarudi na kiberenge chake, ameloa, akatukuta tunalamba vidole na kijiji kizima. Akasimama mlangoni. Mdachi akamwita, "Mangi, njoo ule, leo huuzi wewe."

Mchele wenu uliishia pale. Hilo ndilo jibu la swali lenu.

Kwenda Mwanza

Tuta lilitengenezwa. Wakati wa kuondoka wanawake wa kile kijiji walileta unga wa mtama kwenye kibuyu, mlenda mkavu, karanga, na Mama Ndahani akanipa samli kidogo kwenye kibuyu kidogo, ya mikono ya Mdachi. Ndivyo vitu timu ilivyokula mpaka Mwanza. Tabora, Bi Shamsa alipoteremka, nduguze walituletea asali na maembe dirishani, Fundi akageuza uso, wachezaji wakala. Walikuwa wamekwisha kuonja kula bila kujificha na hawakutaka kurudi nyuma. Walizoea na ugali mweusi pia. Siku ya kwanza waliusogeza sogeza, siku ya pili wakaniuliza umebaki.

Kila nilipopaka mikono ya Mdachi samli nilijua hali yake. Ngozi ilikuwa imetoka. Massawe alizunguka Mwanza nzima kutafuta glovu za golikipa, hakuna duka lililokuwa nazo, kama ambavyo hakuna duka Kariakoo. Nilichana kanga yangu moja vipande, nikamfunga viganja. Golikipa wa akiba alikuwa amebaki Dar, shifti yake ya bandari haikumruhusu. Hilo mnalijua.

Uwanjani

Mpira mliusikia redioni, kwa hiyo sitaueleza wote. Mimi nilikaa nyuma ya goli letu na sufuria tupu. Ilinyesha manyunyu tangu mwanzo. Vijana walicheza vizuri. Ilikuwa bila kwa bila, na kwa bila kwa bila kombe lilikuwa letu.

Karibu na mwisho yule mshambuliaji wao akapiga shuti la mbali, si kali. Mashuti ya namna ile Mdachi huyadaka huku akimsema beki wake. Aliushika. Niliuona mpira uko mikononi. Halafu kanga imeloa, kiganja kimeteleza ndani ya kanga, na mpira ukapita chini ya kwapa ukaingia taratibu, ukasimama kabla ya wavu.

 Yeye mwenyewe aliutoa golini kwa mguu.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na jambo. Pale kituo kidogo treni haikusimama. Nilichungulia, nikaona miti ya miiba, ua, na udongo uliolimwa, basi.

Dar hakukuwa na mtu wa kutupokea ila wenzetu wa ng'ambo ya barabara na ngoma zao. Kombe lilikuwa limekwisha vuka barabara. Yule wa dirishani alikuwapo. Alinitazama, nikamtazama, akaacha kupiga, akanibebea jiko mpaka Gerezani. Fundi Shomari alikuwa ametangulia kushuka, na nilipofika mtaani maneno yake yalikuwa yamekwisha fika.

Mimi naona hivi. Tumefungwa kwa sababu ya malengelenge. Malengelenge yalitoka kwenye jembe, na jembe lilitokana na kunyamaza, na kunyamaza ni kwa Fundi. Sufuria halimo. Lakini ile sehemu ya mwisho ya shamba, mikono yake ikiwa imekwisha kupasuka, ni mimi niliyesema imalizwe. Hiyo simtwishi Fundi. Nasikia Jumamosi mna mkutano klabuni wa kuchagua mpishi mwingine. Mtakaponiuliza kama ningesema tena, jibu ni ndiyo, kwa hiyo msipoteze muda kwa swali hilo. Sufuria nimelisugua kwa majivu, lipo uani, na kitambaa chekundu kipo ndani yake. Atakayechaguliwa aje alichukue. Mama Zuhura, kwa arobaini nitapika mimi, kwa chochote kitakachopatikana, hata ukiwa umenichukia.

Jana asubuhi Mdachi alikuja. Hatoki sana siku hizi, na safari hii si kwa ajili ya msako. Nilidhani amekuja kulilia kombe, nikajiandaa kumkatiza. Akakaa kwenye kigoda, viganja vina ngozi mpya nyekundu kama ya mtoto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Akakunja viganja, akavikunjua. "Bibi, kule kwa Mama Ndahani, imenyesha tena tangu tupite?"

Nikamwambia nitajuaje, mimi nakaa Kariakoo. Aulize madereva wa treni pale Gerezani, wao ndio wanaopita.

Akaondoka, kwa barabara kubwa. Mchana alirudi nikiwa napakua.

"Imenyesha," akasema. "Wanasema kuna kijani mpaka kwenye ua." Akanawa mikono, akasogeza sahani.